Bondia Akichanika Usoni: Anachokitazama Daktari wa Ulingoni

Refa anaponiita nipande ulingoni, kwa kawaida sina zaidi ya dakika moja, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Ukumbi mzima umeshaiona damu na umeshatoa hukumu yake: wapo wanaopiga kelele pambano liendelee, na wapo wanaouliza daktari anasubiri nini. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote tangu nianze kazi hii ni la kipimo, yaani damu ikiwa nyingi kiasi gani ndipo pambano lisimamishwe. Jibu langu huwakera wengi, kwa kuwa wingi wa damu ni miongoni mwa mambo ninayoyatazama mwisho. Ninashauri pambano lisimamishwe pale mpasuko unapomnyima bondia uwezo wa kuiona ngumi inayokuja, au unapokuwa umefika mahali ambapo sindano na uzi haviwezi kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Nje ya hayo mawili, ninashuka na kuwaacha wapigane.

Nianze na damu ili tuimalize. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu mwilini, na ile inayotoka kwenye mpasuko wa kawaida wa uso kwa raundi chache haikaribii kiasi cha kumtia hatarini. Kinachotisha ni mchanganyiko: damu kidogo ikikutana na jasho na maji anayomwagiwa bondia akipumzika kwenye kona yake husambaa kifuani, kwenye kaptura na kwenye shati la refa, mtu akaonekana kama ametoka machinjioni. Paji la uso na ngozi ya kichwa hutoa damu nyingi kuliko sehemu nyingine kwa sababu mishipa yake midogo imeshikwa na tishu nzito zinazoizuia kujikunyata inapokatika. Tarehe 15 Aprili 1985, bingwa wa dunia Marvin Hagler alichanika paji la uso alipopigana na Thomas Hearns, na katika raundi ya tatu refa Richard Steele akasimamisha mchezo ili daktari amtazame. Uso ulikuwa umelowa, lakini jeraha halikuwa limeziba jicho wala kuharibu kitu chochote cha maana. Daktari aliruhusu mchezo uendelee, na Hagler akamaliza kazi ndani ya raundi ileile. Kama hukumu ingetolewa kwa rangi ya kaptura, angepoteza mkanda mtu aliyekuwa akimwona mpinzani wake vizuri kabisa.

Jambo la pili ni mahali, na hapa ndipo ninapotumia sehemu kubwa ya ile dakika yangu. Glovu haikati ngozi kama kisu. Ngozi hubanwa kati ya glovu na ukingo wa mfupa ulio chini ya nyusi, kisha hupasuka. Ndiyo maana mwenye ukingo mkali, au mwenye makovu ya zamani, huchanika kwa ngumi ambayo mwingine angeisahau kabla ya kengele. Vichwa vikigongana mfupa hukutana na mfupa, na mpasuko unaotokea mara nyingi huwa na kingo zilizochanika ovyo na huenda chini zaidi. Kwa vyovyote vile, ninasafisha, ninazitenganisha kingo kidogo kwa vidole, na kuangalia nimefika wapi: ngozi tu, mafuta, msuli, au mfupa wenyewe.

Mpasuko ulio kwenye ncha ya nje ya nyusi hauniumizi kichwa sana, kwa sababu damu yake hupita pembeni ya jicho na kushuka shavuni. Ukisogea kuelekea pua mambo hubadilika. Damu sasa inadondokea jichoni moja kwa moja, na isitoshe, karibu na theluthi ya ndani ya nyusi hutokea neva inayopeleka hisia kwenye paji la uso hadi karibu na utosi. Neva hiyo ikikatika, bondia anaweza kubaki na ganzi ya nusu ya paji kwa miezi, na wengine kwa maisha yote. Ninapitisha kidole juu ya paji pande zote mbili na kumuuliza bondia kama anahisi sawasawa. Ganzi peke yake katika raundi ya mwisho huenda nisiifanye sababu ya kusimamisha. Ganzi pamoja na mpasuko mrefu katika raundi ya pili, pambano likiwa la raundi 12, ni habari nyingine.

Kope ya juu ndiyo sehemu nisiyoifanyia mjadala. Ndani yake kuna msuli unaoiinua, na ukikatika jicho hubaki nusu limefumba hata kama mboni haikuguswa. Nyuma ya msuli wa kufumbia upo utando mwembamba unaoyazuia mafuta yaliyo ndani ya tundu la jicho. Kwa hiyo nikitazama jeraha la kope na kuona chembe za mafuta ya manjano, ninajua utando umetoboka, na hapo sihitaji kuendelea na uchunguzi. Ndivyo ilivyo pia kwa mpasuko unaovuka ukingo wa kope, na kwa ule ulio kwenye pembe ya jicho upande wa pua, ambako hupita vijia vya machozi. Vikikatika visiunganishwe vizuri, mtu hutokwa na machozi shavuni kila siku kwa miaka. Mdomo uliotoboka kutoka nje hadi ndani nao hunifanya nishauri pambano lisimame. Michubuko ya pua na mashavu kwa kawaida siipandii ngazi.

Baada ya mahali ninapima kuona, na hapa ningependa kutoboa siri ndogo ya ulingoni. Usimwulize bondia kama anaona. Sijawahi kusikia jibu lingine zaidi ya "naona", hata kwa mtu ambaye jicho lake lilikuwa limefumba kama ganda la chaza. Ninaliziba jicho lisiloumia kwa kiganja, ninanyoosha vidole mbele ya lile lililoumia, kisha ninavisogeza pembeni, juu na chini ili nijue uga wa kuona umepungua wapi. Mabondia wazoefu wanajua kwamba madaktari wengi hunyoosha vidole viwili, kwa hiyo hubahatisha "viwili" kabla hujamaliza kuuliza. Siku moja nilimwonesha bondia ngumi iliyofungwa, bila kidole hata kimoja, naye akajibu "viwili" kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Mwalimu wake alikuwa amesimama nyuma yangu akasikia, na ni yeye aliyeanza kufungua glovu kabla sijamgeukia refa. Ninauliza pia kama anaona vitu viwiliviwili, hasa akitazama juu, kwa sababu dalili hiyo huashiria kwamba sakafu ya tundu la jicho imevunjika na kwamba mpasuko tunaoushughulikia ndio tatizo dogo.

Kwa nini nang'ang'ania kuona kuliko kitu kingine? Mpasuko wa uso hushonwa ukapona. Kinachoua katika ndondi ni ubongo kuvuja damu ndani ya fuvu, na ngumi ya hatari kuliko zote ni ile ambayo bondia hakuiona ikija, kwa kuwa shingo haikujikaza na kichwa huzunguka kama kitu kisicho na mwenyewe. Kwa hiyo ninapochunguza nyusi, kwa kweli ninaulinda ubongo. Hilo linanifanya nitazame pia mkono wa mpinzani. Mpinzani anayetanguliza mkono wa kushoto huuweka wa kulia nyuma, na huo ndio wenye nguvu. Njia yake huelekea upande wa kushoto wa uso wa mwenzake. Jicho la kushoto likipotea mbele ya mtu wa namna hiyo, limepotea lile lililokuwa likilinda mlango mkuu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Vitali Klitschko jijini Los Angeles tarehe 21 Juni 2003. Lennox Lewis alimchana juu ya jicho la kushoto katika raundi ya tatu, kwa mkono wake wa kulia, na baada ya raundi ya sita daktari akashauri pambano lisimame. Klitschko alikuwa akiongoza kwa pointi 58 kwa 56 kwenye karatasi za majaji wote watatu. Alipinga kwa kelele, na watazamaji wakazomea. Daktari alieleza kwamba Klitschko alipoinua kichwa kumtazama, kope ya juu ilishuka ikafunika sehemu ya uwezo wake wa kuona, kiasi kwamba asingeweza kujikinga. Baadaye alishonwa nyuzi 60. Watu bado wanaubishia uamuzi ule, na hoja yao kubwa ni kwamba alikuwa anashinda. Mimi nauona ulikuwa sahihi, na hoja ya pointi siielewi kabisa: karatasi za majaji hazionekani kutoka mahali ninapochunguzia jicho, na hata zingeonekana zisingeinua kope.

Upande wa pili wa mzani yuko Tyson Fury, aliyechanika vibaya juu ya jicho la kulia katika raundi ya tatu dhidi ya Otto Wallin, huko Las Vegas, tarehe 14 Septemba 2019. Wallin anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo jicho lililochanika lilikuwa tena upande wa mkono wa hatari. Fury aliruhusiwa, akamaliza raundi zote 12, akashinda kwa pointi na kushonwa nyuzi 47. Wapo wanaosema aliachwa kwa sababu ya jina lake. Sina njia ya kujua kilichopita katika kichwa cha mtu mwingine, lakini kwa macho ya kitaalamu kesi hizi mbili hazifanani kama nyuzi zinavyofanya zifanane. Mtu wa kona ya Fury aliyekuwa akitibu majeraha yake, Jorge Capetillo, aliidhibiti damu kila baada ya raundi, na bondia mwenyewe aliendelea kukwepa na kujibu. Hata hivyo nakiri kwamba ningekuwa pale ningepanda kila raundi, na ingetosha ashindwe kuziona ngumi mbili mfululizo kutoka upande ule ili nimwambie refa basi. Kumruhusu bondia katika raundi ya tatu si hati ya kumfikisha ya 12.

Kuhusu watu wa kona, heshima yangu kwao ni kubwa. Wanapewa dakika moja kati ya raundi, na katika hiyo wanatakiwa kukausha jeraha, kulikandamiza kwa pamba iliyolowekwa adrenalini ya nguvu ya 1 kwa 1,000 ili mishipa isinyae, kisha kulifunika kwa vaselini ili glovu iteleze. Mkandamizo ndio unaofanya sehemu kubwa ya kazi. Anayepaka dawa bila kukandamiza anapaka rangi. Zamani ilitumika pia dawa ya chuma iitwayo Monsel, iliyoziba damu haraka lakini ikaacha jeraha chafu lisiloshoneka vizuri, na ikiingia jichoni ni balaa. Ninapoamua, ninaangalia mwelekeo: kama raundi iliyopita jeraha lilikauka na hii limefunguka dakika ya kwanza, kona imeshindwa, na hakuna sababu ya kuamini kwamba raundi ijayo itashinda.

Kanuni za matokeo si kazi yangu, ila huzua maneno mengi. Kwa kawaida mpasuko uliotokana na ngumi halali ukisimamisha pambano, aliyechanika hupoteza kwa TKO, yaani mpinzani hupewa ushindi kwa kuwa pambano limesimamishwa. Ukitokana na vichwa kugongana kwa bahati mbaya, kanuni nyingi husema pambano lisilokamilisha raundi nne halihesabiwi, na lililozikamilisha huamuliwa kwa pointi zilizopatikana. Ndiyo maana refa anapaswa kutangaza papo hapo kama ilikuwa glovu au kichwa, asisubiri hadi pambano lisimame. Ndiyo maana pia hutokea bondia anayeongoza, akiwa amegongwa kichwa, aseme ghafla haoni kitu mara tu raundi ya nne inapokwisha. Nikishuku hivyo ninapima kama kawaida, lakini akisisitiza haoni ninamwamini. Afadhali nidanganywe na asiyetaka kuendelea kuliko kumrudisha mchezoni mtu asiyeona.

Katika ndondi za ridhaa lipo jambo ambalo wa kulipwa hawalijui: ratiba. Tangu 2013 wanaume wa ngazi ya juu walipoacha kuvaa kofia za kinga, mipasuko imekuwa ya kawaida zaidi, na bondia anaweza kutakiwa kupanda tena ulingoni baada ya siku moja au mbili. Ngozi haina haraka hiyo. Jeraha lililoshonwa jana limeshikwa na uzi tu, na hata likipona kabisa kovu hufikia takriban asilimia 80 ya uimara wa ngozi ya awali. Niliwahi kumruhusu kijana amalize raundi ya mwisho akiwa na mpasuko mfupi juu ya nyusi, na alishinda vizuri. Asubuhi ya tatu alikuja kupimwa kwa ajili ya nusu fainali. Jicho lilikuwa linaona, uvimbe ulikuwa umeshuka, vidole alivihesabu bila kukosea. Nikabonyeza kwa kidole kando ya mshono, nao ukaachia tone moja la damu, na nikaandika kwenye fomu kwamba hapigani. Mwalimu wake aliichukua fomu, akaisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni bila kunitazama, na yule kijana akaniuliza kama anaweza angalau kwenda kukaa kwenye kona ya mwenzake aliyekuwa anapigana mchana.