Je, wajua kwa nini bastola yenye leza bado hukosa shabaha?

Mtu akimwona mwenzake amefunga leza chini ya mtutu wa bastola, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba huyo hana haja tena ya kujifunza kulenga: nukta nyekundu ikishatua juu ya shabaha, kazi iliyobaki ni ya kidole. Dhana hiyo utaikuta kwa mlinzi wa getini jijini Dodoma, na utaikuta kwa raia aliyepata leseni ya bastola chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Filamu nazo zimeikuza kiasi kwamba wengi huamini mwanga wa leza na risasi hupita njia moja. Kumbe hiyo kazi iliyobaki ya kidole ndiyo karibu kazi yote, na leza haina mkono ndani yake.

Tuanze na njia yenyewe. Mwanga hunyooka, risasi hainyooki. Risasi ya milimita 9 hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 360 kwa sekunde, na mara tu inapouacha mtutu huanza kuvutwa chini. Ikifika mita 25 imekwisha kushuka kiasi cha sentimita 2 na nusu, na ikifika mita 100 imeshuka zaidi ya sentimita 40. Isitoshe, leza hufungwa sentimita kadhaa chini au pembeni mwa mtutu, kwa hiyo haiwezi kukubaliana na risasi katika kila umbali, bali katika ule tu iliorekebishiwa. Katika umbali wa kawaida wa bastola tofauti hizi ni ndogo, na anayezitaja kuwa sababu ya kukosa shabaha iliyo mita 7 mbele yake anatafuta kisingizio.

Uko pia ule mstari mwekundu unaoonekana ukikata chumba kizima kwenye filamu. Katika hewa safi mstari huo hauonekani. Huonekana nukta peke yake, pale mwanga unapogonga kitu. Mstari hujitokeza kukiwa na moshi au vumbi, na mkazi wa Dodoma anayeujua upepo wa Agosti hahitaji kuelezwa vumbi ni nini. Hapo mstari utaonekana kweli, ila utamwonyesha na aliyeshika bastola vilevile. Jua la saa sita mchana nalo huimeza nukta nyekundu baada ya hatua chache tu, hasa kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Leza za kijani huonekana vizuri zaidi kwa sababu mwanga wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hadi 532, uko karibu na nanomita 555, ambapo jicho la binadamu huwa jepesi kuliko kwingine wakati wa mchana, ilhali zile nyekundu huwa kwenye nanomita 630 hadi 650. Leza ya kwanza kabisa iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960, na kwa muda mrefu vifaa vyake vilikuwa vikubwa mno kwa bastola. Leo hutosha ndani ya kitako chake.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya pembeni. Kiini cha jambo kimo katika ufupi wa bastola. Kati ya kilengeo cha nyuma, chenye mwanya, na kile cha mbele kilicho karibu na mdomo wa mtutu, kuna takriban sentimita 16 tu. Mdomo wa mtutu ukiinama kwa milimita 1 wakati sehemu ya nyuma imetulia, risasi hupotoka zaidi ya sentimita 6 kwenye shabaha iliyo umbali wa mita 10, na zaidi ya sentimita 15 kwenye mita 25. Kosa hilohilo la milimita 1 kwenye bunduki ya aina ya AK-47, ambayo askari wetu huiita SMG, yenye takriban sentimita 38 kati ya vilengeo, halifikishi sentimita 3 katika mita 10. Ndiyo maana mtu aliyezoea bunduki ndefu hushangazwa na bastola, na ndiyo maana nukta ya leza huonekana ikicheza ngoma ukutani hata mshikaji anapoapa kwamba mkono wake umetulia. Mkono wa binadamu hutetemeka kwa asili, mara 8 hadi 12 kwa sekunde, na mwili mzima huyumba polepole juu ya mtetemeko huo. Leza haikuuleta mtetemeko. Imeuonyesha tu, ukiwa umekuzwa.

Sasa fikiria mlengaji anayeiona nukta hiyo ikipita katikati ya shabaha, ikitoka, ikirudi. Anaamua kuivizia. Hapa mhudumu wa kituo cha mafuta anaweza kutufundisha zaidi kuliko mtaalamu wa silaha. Bodaboda anaomba mafuta ya shilingi 5,000. Namba zinakimbia kwenye pampu, na mhudumu mgeni anasubiri aione 5,000 ndipo aachie mkono. Haipati kamwe, kwa sababu kati ya jicho kuona na mkono kutii hupita takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, na pampu haimsubiri. Anajikuta kwenye 5,060 na mabishano na bodaboda yanaanza. Akilikamata bomba kwa nguvu zaidi, linarukaruka na mafuta yanamwagika. Mhudumu mzoefu hufanya kinyume: zikikaribia 5,000 hupunguza mkondo hadi namba zitambae, kisha humalizia bila haraka. Anayevizia nukta ya leza yuko katika hali mbaya kuliko mhudumu mgeni, maana katika hiyo sehemu moja ya tano ya sekunde mkono umekwisha kutetemeka kama mara mbili, na nukta aliyoiamulia haipo tena. Kisha, kwa kuwa ana haraka ya kuiwahi, hulivuta triga kwa kishindo.

Kishindo hicho ndicho kinachopeleka risasi kando. Triga ya bastola nyingi za askari huhitaji nguvu ya karibu kilo 2 na nusu, na bastola yenyewe ikiwa imejaa risasi mara nyingi haifiki kilo 1; yaani kidole kimoja kinavuta kwa nguvu inayozidi mara mbili uzito wa kitu kizima. Nguvu hiyo isipokwenda moja kwa moja nyuma, au vidole vingine vikiukaza mpini kwa wakati uleule, mtutu huondoka ulipokuwa. Leza itauripoti mwondoko huo kwa uaminifu kabisa, lakini kwa kuchelewa kusikokuwa na msaada.

Kinachofundishwa kwenye uwanja wa shabaha ni kuukubali mtetemeko mdogo na kuongeza nguvu ya kidole taratibu hadi mlio umkute mlengaji mwenyewe bila kuutarajia. Kinachowashinda wengi ni woga wa mlio: mwili hujikaza kabla risasi haijatoka. Wakufunzi hufichua jambo hili kwa kuchanganya risasi bandia kwenye magazini bila mwanafunzi kujua ziko wapi. Zamu ya ile bandia ikifika husikika mguso wa chuma tu, mlio hakuna, na kila aliye kando anauona mtutu ukiinama chini wenyewe. Mwanafunzi mara nyingi hulaumu bastola.

Haifuati kwamba leza ni pambo. Anayelenga kwa vilengeo vya kawaida ana vitu vitatu katika umbali tofauti, yaani kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha, na jicho huweza kukaza kimoja kwa wakati mmoja. Mtu aliyevuka miaka 40, ambaye lenzi ya jicho lake imeanza kukakamaa, hukiona kilengeo cha mbele kama ukungu, na leza humwondolea tatizo hilo. Humfaa pia aliye gizani, au aliyelala vibaya nyuma ya kizuizi asiweze kuinua bastola usoni. Wakufunzi wenyewe wanatofautiana kuhusu hatua ya kumpa mwanafunzi leza.

Pale ambapo leza hufanya kazi nzuri kweli ni kwenye bastola tupu. Magazini imetolewa, chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole, risasi zote ziko chumba kingine, na mtutu umeelekezwa kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake. Mlengaji anavuta triga polepole huku akiitazama nukta. Ikibaki ikitetemeka katika duara lake dogo hadi mguso usikike, kidole kimefanya kazi safi. Ikichomoka kwa ghafla, kimeusukuma mtutu. Kwa anayetumia mkono wa kulia, nukta mara nyingi huchomokea chini kushoto, ingawa chati zinazodai kusoma kila kosa kutokana na upande wa shabaha risasi ilipogonga zinaahidi kupita uwezo wake. Mwondoko unaokuja baada ya mguso usihesabiwe: risasi halisi hupita mtutu mzima wa bastola kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, hivyo kufikia hapo ingekuwa imeshatoka.