Damu Uliyotoa Haikupimwa Maradhi: Ufafanuzi Kuhusu Sampuli za HLA

Tangu tuanze kukusanya sampuli za utafiti wa HLA (molekuli za mwilini zinazoionyesha kinga kilichomo ndani ya seli) hapa Mombasa, lalamiko linalotufikia ni lile lile: "Nilitoa damu, mbona sijapewa majibu?" Majibu hayo hayapo. Hatukupima maradhi, na fomu uliyotia sahihi ilisema hivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Seli ikivamiwa na kirusi hukatakata protini za kirusi hicho na kutundika vipande, yaani peptidi, kwenye utando wake wa nje kwa kutumia molekuli za HLA. Ni kama mwenye duka wa Marikiti anavyotundika leso mbili tatu mlangoni ili mpita njia ajue ndani kuna nini. Mpita njia hapa ni seli T, askari wa kinga. Ikitambua kipande kigeni, huiua seli hiyo. Kipande kisichoshikwa na HLA hakitundikwi, na HLA zako si za jirani yako.

HLA ya daraja la kwanza hupokea peptidi yenye amino asidi (vijenzi vidogo vya protini) 8 hadi 11, aghalabu 9. Mara nyingi ni ile ya pili na ile ya mwisho zinazozama kwenye vishimo vyake na kubana. Sasa, protini yenye amino asidi 400 ina vipande vya tisa tisa 392. Badala ya kuvijaribu vyote maabarani, programu kama NetMHCpan, iliyotengenezwa Denmark, hukadiria vipi vitashika. Peptidi yenye kadirio la chini ya nanomola 500 (kipimo cha ukolezi unaotosha kushika) kwa kawaida huhesabiwa kuwa imeshika, na namba ndogo ndiyo nzuri. (Mzee mmoja aliona 38 kwenye skrini yetu akasikitika kwamba kinga yake imefeli. Iliyokadiriwa ni peptidi, mzee wangu, si wewe.) Hata hivyo, kushika si kuamsha kinga. Kwa hiyo hatuahidi chanjo.

Programu hizi hujifunza kutokana na vipimo vya awali, na vingi vimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Aina nyingi za HLA za Waafrika zina data chache, ndipo makadirio yanapoyumba. Na aina hizo si jambo dogo: mwaka 1991 utafiti wa watoto wa Gambia ulihusisha mojawapo, HLA-B53, na kinga dhidi ya malaria kali.

Kuhusu uvumi kwamba damu inauzwa: taarifa za jeni ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Ni juu yetu kuthibitisha kwamba uliridhia, si juu yako. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye huridhia. Data ikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, tunapaswa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kamishna anaweza kuitoza taasisi faini ya hadi shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Kosa lisilotajiwa adhabu yake mahususi hubeba faini ya hadi milioni 3, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili.

Unaweza kuondoa ridhaa wakati wowote, bila kueleza sababu. Njoo na ile karatasi yenye nambari ya sampuli, kwani kichupa hakina jina lako. Makadirio yaliyokwisha kufanywa kabla ya hapo hayatafutwa.