Kabla Hujasogelea Tundu la Mvuke

Mgeni akifika kwenye eneo la chemchemi za maji moto, kitu cha kwanza anachouliza ni ule "moshi" unatoka wapi. Si moshi, maana hakuna kinachoungua kule chini. Ni maji ya mvua yaliyopenya kwenye nyufa, yakashuka hadi kwenye miamba inayopashwa joto na magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kisha yakapanda tena. Yakipanda mengi, tunapata chemchemi. Yakiwa machache, yote hugeuka mvuke njiani na tunapata tundu linalofuka na kuvuma. Na pale ambapo gesi zenye asidi zimeula mwamba mpaka ukalainika, hutokota tope.

Wingu lenyewe lina hila yake. Ule weupe ni matone madogo mno ya maji, yaani mvuke uliokwisha kupoa. Ukiwa umesimama kwenye njia, utazame vizuri mdomo wa tundu: kati ya jiwe na pale wingu linapoanzia kuna nafasi kama ya shubiri hivi, haina kitu. Hapo ndipo ulipo mvuke halisi, nao hauna rangi. Anayekwepa weupe akapitisha mkono kwenye uwazi ule amechagua mahali pabaya zaidi. Kilo moja ya maji yanayochemka ikipoa hadi joto la mwili hutoa takriban kilojuli 260. Kilo moja ya mvuke hutoa kama kilojuli 2,260 kwa kugeuka maji tu, kabla maji hayo hayajaanza kupoa. Ngozi ndiyo inayopokea joto lote hilo.

Wala usipime ukali wa tundu kwa ukubwa wa wingu. Asubuhi ya baridi eneo zima hufunikwa. Mchana wa jua kali unaweza kudhani matundu yamelala. Joto ni lilelile.

Sasa ardhi. Maji haya huja na silika iliyoyeyuka, yaani madini kama yale ya mchanga na kioo, na yanapopoa huiacha juu ya uso kama utando mweupe au wa kijivu. Utando hujijenga kutoka ukingoni kuelekea katikati ya dimbwi, kwa hiyo ukingo unaouona mara nyingi unaelea: chini yake ni maji ya moto, na unene wake huenda usibebe mtu mzima. Kwa macho huwezi kuutofautisha na mwamba. Hata sisi tunaopima maeneo haya hatukanyagi palipo papya bila kutanguliza fimbo, na bado tunakosea. Njia za mbao hazikuwekwa ili viatu visichafuke.

Dimbwi linaloua zaidi kwa kuvutia ni lile la buluu safi. Rangi za manjano, chungwa na kahawia unazoziona pembezoni ni vijidudu vinavyoishi kwenye joto, kila kundi na kiwango chake. Vile vinavyotegemea mwanga wa jua hufika mwisho wa uwezo wao kwenye nyuzi joto 73 hivi, hivyo katikati panapobaki buluu na angavu hadi unaona chini, mara nyingi ndipo penye moto kupita kote. Mwaka 1981, huko Yellowstone nchini Marekani, kijana wa miaka 24 alijitosa kwenye dimbwi la namna hiyo kumwokoa mbwa wa rafiki yake. Maji yalikuwa na nyuzi joto zaidi ya 90. Mbwa alikufa humo, kijana akafariki siku iliyofuata. Mbwa abaki nyumbani. Mtoto umshike mkono, usimshike kwa maneno.

Gesi hazizungumzwi vya kutosha. Harufu ya yai bovu ni haidrojeni salfaidi, na ikizidi huzima uwezo wa pua kuinusa. Ukiacha ghafla kuisikia hali hujasogea, ondoka. Kaboni dioksaidi ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu haina harufu wala rangi, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku usio na upepo. Wakazi wa pande za Goma, mashariki mwa Kongo, wameipa mifuko hiyo ya gesi jina: mazuku. Ukiona ndege au panya wamekufa kwenye kishimo, usiiname kuchungulia. Kwa sababu hiyohiyo usipige hema bondeni.

Mara chache eneo lenyewe hulipuka. Tarehe 23 Julai 2024, Biscuit Basin, hapohapo Yellowstone, maji yaliyobanwa chini yaligeuka mvuke kwa mpigo, yakarusha matope na mawe na kuharibu njia ya mbao huku wageni wakikimbia. Hakuna aliyeumia. Volkano haikuwa imeamka. Ilikuwa kazi ya maji na mvuke tu.

Kuoga ni pale paliporuhusiwa peke yake, tena bila kuzamisha kichwa, kwani maji ya uvuguvugu yanaweza kuwa na ameba inayoingia ubongoni kupitia puani. Na sarafu ubaki nazo mfukoni. Zinaziba njia ya maji, dimbwi linapoa na rangi yake inabadilika.

Mtu akiungua, vua nguo na pete zilizo kwenye sehemu hiyo isipokuwa kilichoganda kwenye ngozi, kisha mwagilia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu hapana, mafuta hapana, dawa ya meno hapana. Halafu apelekwe hospitali, hata kama ngozi haijatoa malengelenge na mwenyewe anasema haumii. Kuungua kwa kina huua neva, na pasipouma panaweza kuwa ndipo palipoharibika zaidi.