Je, wajua kwa nini wadudu wanaingia vizuri kwenye karata za taroti?

Karata za taroti ni 78. Wengi leo wanazijua kwa ramli, lakini zilianza kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kama mchezo tu. Ramli ilikuja kushika kasi zaidi ya miaka 300 baadaye, huko Ufaransa. Karata 56 zimegawanyika katika aina nne: vikombe, panga, rungu na sarafu. Mcheza karata wa pwani anazifahamu tayari, maana kopa, shupaza, pau na uru ni majina tuliyopokea kwa Wareno ya vitu hivyo hivyo. Zile 22 zinazobaki ni picha za pekee: Nyota, Mwezi, Mnara, Kifo na nyinginezo.

Ninachora seti yangu ya wadudu, na kazi ngumu ni hizo 56. Unahitaji makundi manne yasiyo ya kubahatisha. Elimu ya wadudu inayo: oda (makundi makubwa ya wadudu) nne zenye spishi nyingi kuliko zote ni mbawakawa; vipepeo na nondo; nyuki, nyigu na sisimizi; kisha nzi na mbu.

Uru ni mbawakawa, ambao mabawa yao ya mbele ni magamba magumu, mengine yanang'aa kama dhahabu. Kopa ni vipepeo, wanywaji wa maua. Shupaza ni nyigu kwa mwiba wao. Pau ndiyo inayonifurahisha zaidi. Nzi ana mabawa mawili tu, kwa kuwa jozi ya nyuma imegeuka kuwa virungu viwili vidogo vinavyotikisika anaporuka na kumjulisha mwili unageukia upande gani. Ukivikata, anashindwa kuruka sawasawa.

Kila aina ina karata nne za watu: kijana, mpanda farasi, malkia na mfalme. Oda hizi zote nne hupitia hatua nne za maisha: yai, lava (kiwavi au funza), pupa (hatua ya kubadilika umbo), mdudu kamili. Hakuna inayokosa hata moja! Kwa hiyo mpanda farasi wa kopa ni kiwavi anayekula bila kupumzika, na malkia ni pupa. Nampa malkia heshima hiyo kwa sababu kazi kubwa inafanyika kwake: sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi huvunjwavunjwa, na vikundi vya seli vilivyokuwa vimesubiri tangu zamani hujenga mabawa, miguu na macho mapya.

Panzi, vunjajungu na mchwa hawana pupa, basi nafasi yao ni kwenye zile 22. Mnara ni kichuguu. Mfalme Mkuu ni mchwa dume, anayeishi na malkia wake miaka mingi, wakati dume la nyuki hufa mara tu baada ya kumpanda malkia. Nyota nimempa mbawakawa anayeviringisha mavi, ingawa ana pupa: jaribio lililochapishwa mwaka 2013, lililofanyika Afrika Kusini, lilionyesha kwamba usiku usio na mwezi hushika njia iliyonyooka kwa mwanga wa Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota angani.

Karata ya Mwezi sijaibadilisha sana. Tangu zamani ina kambamto anayetoka majini, na wadudu wote wametokana na ukoo huo wa kamba na kaa.