Spea za bunduki kuukuu ya marisau: yanayosemwa na yalivyo

"Jina lililogongwa kwenye bunduki ndilo la kiwanda."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sears, duka kubwa la Marekani, liliuza bunduki za marisau kwa jina la J.C. Higgins, na kuanzia miaka ya 1960 kwa jina la Ted Williams, mchezaji wa besiboli. Bunduki zenyewe zilitoka kwa wenye viwanda. Duka liligonga jina lake tu. Ukiulizia "spea za Higgins" utazunguka mpaka soli ziishe. Futa grisi kwenye mtutu usome namba ya modeli: ikianza na 583, kiwanda ni High Standard, ikianza na 101, ni Savage na kampuni yake ya Stevens. Hiyo ndiyo ya kumpelekea muuza spea. Namba ya mfululizo, ile ya kila bunduki peke yake, usiitegemee, maana kabla ya sheria ya Marekani ya 1968 bunduki nyingi za bei nafuu hazikugongwa.

"Zikifanana, spea zinaingiliana."

Browning Auto-5 ya Ubelgiji na Remington Model 11 ya Marekani zote zimetokana na ubunifu wa John Browning, na kwa mbali ni pacha. Mtutu wa moja haukai kwenye nyingine. Zile za mitutu miwili za Uingereza ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa kila kipande kilipigwa tupa mpaka kikakubali bunduki ile ile. Spea yake ukiipata ujue umepata nusu ya kazi. Fundi ataipaka masizi ya taa, aipachike, aichomoe, atazame masizi yamekwanguka wapi, apige tupa mara mbili tatu, halafu aanze upya. Fundi anayekuambia "njoo baada ya saa moja" mimi ningemwogopa.

"Ikipiga teke sana, springi imekufa."

Pengine. Lakini kwenye Auto-5 tazama kwanza pete za breki, zinazopunguza teke, chini ya ule mbao wa mbele. Kwa risasi nzito, pete ya chuma hukaa mbele ya springi, ikibana kipande cha shaba nyeusi. Kwa risasi nyepesi huhamishiwa nyuma ya springi. Aliyeifungua mwisho akikosea mpangilio, au akilowesha bomba la risasi kwa mafuta, breki haishiki, na mbao huanza kupasuka. Hapo watu huagiza springi na mbao mpya, kumbe kilichohitajika ni kitambaa na kuhamisha pete.

"Spea ni chuma tu, haina kibali."

Inategemea uko wapi. Marekani fremu, ule mwili unaobeba mitambo, ndiyo inayohesabiwa kuwa bunduki. Sheria ya Kenya huhesabu hata kipande cha bunduki kuwa silaha. Uliza kabla ya kuagiza.

"Ikishatengenezwa, itakula risasi yoyote inayoingia."

Bunduki nyingi za zamani za geji 16 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) zina chemba, yaani pale risasi inapokaa, ya milimita 65. Risasi ya leo ya 70 huteleza ndani bila shida, kwa kuwa urefu huo ni wa ganda lililokwisha kufunguka; likiwa bado limekunjwa mdomo ni fupi. Linapolipuka, mdomo unafungukia kwenye shingo ya mtutu na presha inapanda. Springi mpya haitibu hilo. Ni kumpa fundi apime chemba, na kama ni fupi, kutafuta risasi za 65.