Maua ya Kudumu Katika Bustani za Pwani Wakati wa Kiangazi

Kila mwaka kuanzia Januari, kaskazi inapovuma na jua la Pwani kukausha udongo hata kabla ya adhuhuri, wenye bustani hutujia na swali lile lile: kwa nini bogenvilia imejaa majani mabichi, ilhali haina hata ua moja? Jibu, ambalo wengi hulipokea kwa mashaka, ni kwamba mmea huo umeshibishwa kupita kiasi. Mara nyingi tukiuliza zaidi tunaambiwa kuwa unamwagiwa maji kila jioni na kwamba yurea iliyobaki shambani ilimalizikia kwenye shina lake. Yurea ina naitrojeni asilimia 46, na naitrojeni ndiyo inayosukuma majani na matawi; mmea ulioipata kwa wingi, tena ukiwa na maji tele, huendelea kurefuka tu.

Tiba yake ni kuunyima. Acha mbolea hiyo, kata theluthi moja ya matawi marefu yenye miiba, kwa kuwa bogenvilia huchanua kwenye machipukizi mapya, kisha usimwagilie mpaka majani yaanze kulegea kidogo ncha zake, ndipo umwagilie maji ya kutosha kufika mizizini. Baada ya wiki kadhaa za utaratibu huo, katika mahali penye jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, rangi hutokea. Rangi yenyewe, kwa hakika, si ua. Ukishika kishada kimoja na kukitazama kwa karibu utaona majani matatu mepesi kama karatasi, na katikati yake vijiua vitatu vyembamba, kila kimoja kimeshikamana na jani lake. Majani hayo hayanyauki upesi kama petali za kawaida, na ndiyo maana bogenvilia huonekana imechanua kwa majuma mengi.

Adabu hiyo ya kiu haifai kwa haibiskasi. Ua lake kwa kawaida huishi siku moja tu, hivyo mmea hauna budi kutoa vitumba vipya mfululizo, na ukipatwa na kiu kali huvidondosha kabla havijafunguka. Umwagilie asubuhi mapema, mara mbili au tatu kwa wiki lakini kwa wingi, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku, maana maji ya juujuu huifunza mizizi kukaa karibu na uso wa udongo, mahali panapoungua kwanza. Kipimo rahisi ni kidole: kikizama kiasi cha sentimita tano bila kugusa unyevu, wakati umefika. Tandaza majani makavu au makumbi ya nazi kuzunguka shina bila kuligusa. Wanaotumia makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya usumba, yaani nyuzi za kusokotea kamba, wayasuuze vizuri kwanza, kwa sababu yana chumvi.

Tatizo linaloeleweka vibaya kuliko yote ni lile la udongo wa mawe ya matumbawe, unaopatikana sehemu nyingi za Unguja na Mombasa. Udongo huo una chokaa nyingi, na chokaa huifunga madini ya chuma kiasi kwamba mmea hauwezi kuyafyonza hata kama yamo. Iksora ndiyo huonyesha dalili mapema: majani machanga huwa ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengine hudhani ni njaa ya kawaida na kumwaga jivu la jikoni, jambo linalozidisha ugonjwa, kwani jivu nalo hufanya kazi kama chokaa. Ni afadhali iksora ipandwe kwenye chungu kikubwa chenye mboji, au inyunyiziwe majanini mbolea yenye madini ya chuma. Haibiskasi pia huathirika, ingawa si kwa kiwango hicho.

Vinka haihitaji maelezo marefu. Asili yake ni Madagaska, huota hata kwenye nyufa za ukuta, huchanua takriban mwaka mzima, na kinachoiua zaidi ni maji yanayotuama. Hata hivyo, mmea huu ndio uliotoa dawa za vinkristini na vinblastini zinazotibu saratani, na nguvu hiyo hiyo ni sumu kwa mtoto au mbuzi anayeutafuna. Usipandwe panapofikiwa nao, wala usichemshwe nyumbani kama dawa.

Asumini, kwa upande wake, hutunzwa vizuri zaidi na wale wanaoitumia. Vitumba vyake huchumwa magharibi vikiwa bado vimefumba, vikafunguka usiku ndani ya kikuba, kile kishada cha kunukia wanachojipamba nacho wanawake, pamoja na mrihani. Kila wimbi la maua likiisha, punguza ncha za matawi kwa mkasi safi, weka mboji konzi mbili tatu kuzunguka shina na umwagilie. Machipukizi yatakayotoka pembeni ndiyo yatakayobeba vitumba vya wimbi linalofuata.