Steringi Hashindi Vita: Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Kihistoria na Vita vya Mezani

Tunaocheza vita vya kale mezani hapa Dar si wengi. Mchezo wenyewe hauna ugumu wa kuueleza: unapanga majeshi mawili ya vijisanamu au askari wa karatasi ya manila, unaweka vilima na mito, unapima mwendo kwa rula, na dadu inaamua yale ambayo hata jemadari hodari hawezi kuyatawala. Kanuni za De Bellis Antiquitatis, zilizotoka mwaka 1990, zinadai vibao 12 tu (kibao ni kipande kimoja kilichobandikwa askari kadhaa) kwa kila jeshi na uwanja wa kama sentimita 60 kwa 60. Meza ya kulia chakula inatosha, na nafasi ya vikombe vya chai inabaki.

Tabu ni kupata picha kichwani. Huwezi kupanda daladala ukaenda kuona jeshi la Roma likijipanga. Kwa hiyo tunategemea filamu na video, na humo tunaokota mambo mengi yasiyo ya kweli, kisha tunayaingiza kwenye mchezo bila kujua. Hizi ndizo dhana ninazokutana nazo mara kwa mara.

Dhana: Steringi ndiye anayeamua vita

Wengi wetu tumelelewa na vibanda umiza na muvi za kutafsiriwa, na sheria ya kwanza tuliyoijua kabla hata ya kujua kusoma ni kwamba steringi hauawi. Katika muvi za namna hiyo majeshi mawili yanakimbiliana, yanagongana, kisha yanachanganyika na kila mtu anatafuta adui wake. Steringi anakata njia hadi kwa mkubwa wa maadui, anamuua, vita imekwisha.

Ukweli ni kwamba vita vya kale vilikuwa vya mstari. Ngao yako ilimlinda na jirani yako, na anayeruka mbele peke yake kuingia katikati ya mikuki hakurudi. Mistari ilisogeleana, ikachomana, ikaachana kidogo, ikarudiana. Watu wengi waliuawa pale upande mmoja ulipogeuza mgongo. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, anaandika kuwa huko Marathon, Ugiriki, mwaka 490 KK, Waathene walipoteza watu 192 na Waajemi kama 6,400. Hata ukiipunguza hiyo hesabu ya Waajemi, pengo hilo halitokani na upanga wa shujaa mmoja. Ndivyo inavyokuwa watu wanapokimbizwa hadi ufukweni. Huko Cannae, Italia, mwaka 216 KK, Hannibal, jemadari wa Karthago aliyepigana na Roma, aliacha katikati ya mstari wake irudi nyuma polepole, askari wa Kiafrika aliowaweka pande mbili wakageuka ndani, na wapanda farasi wakafunga mlango kwa nyuma. Kilichoshinda pale ni mpangilio, na subira ya kungoja wakati wake.

Ndiyo maana napima kila filamu kwa jaribio moja. Vita ikiisha, simamisha video, chukua kalamu, uchore ramani: nani alikuwa wapi, kilima kiko upande gani, kikosi gani kiliwekwa akiba, ubavu upi ulivunjika kwanza. Ukiweza kuchora, filamu hiyo itakufaa mezani hata kama kofia zao za chuma si za karne husika. Ukishindwa, umeburudika, lakini hujapata kitu cha kuchezea.

Spartacus ya mwaka 1960, ya watumwa walioasi Roma, inapita jaribio hilo vizuri kuliko filamu nyingi zilizotengenezwa baada yake. Tazama vita ya mwisho kabla upanga haujachomolewa. Majeshi ya Roma yanatokea kwenye mteremko wa mbali kama vipande vya mraba. Yanashuka taratibu, yanaachiana nafasi, vipande vinasogea na kupangika upya hadi mstari unaenea upana wote wa skrini, huku waasi wamesimama kimya wakiangalia. Kwa muda mrefu hakuna anayeuawa. Waliotumika pale ni askari halisi wa jeshi la Hispania, kama 8,000, wanaojua kutembea kwa amri, na kompyuta haikuwepo. Magogo ya moto yanayokuja baadaye ni ya kubuni, yaache yapite. Lakini ule utulivu wa mteremkoni unakufundisha kitu ambacho kitabu cha kanuni kinashindwa kukieleza: kwa nini kugeuza kikosi kizima ni kazi ya kula zamu nzima ya mchezo.

Alexander ya mwaka 2004 nayo, pamoja na lawama zote ilizopata, inaonyesha vita ya Gaugamela ya mwaka 331 KK, Wamakedonia wa Aleksanda dhidi ya Waajemi, kwa macho ya tai anayeruka juu, na inaandika kwenye skrini tuko ubavu gani wa Wamakedonia. Mwanahistoria Robin Lane Fox, aliyekuwa mshauri, alipanda farasi mwenyewe na kushambulia pamoja na kikosi. Vumbi la vita ile ni somo tosha: jemadari aliye kulia hajui kabisa kinachotokea kushoto.

Dhana: Muvi ikiwa na pesa nyingi, basi vita yake ni ya kweli

Hapana. Braveheart ya mwaka 1995 inaonyesha vita ya Stirling ya mwaka 1297 kwenye uwanja mtupu. Daraja halipo. Na vita yenyewe ilikuwa daraja: jembamba, Waingereza wakivuka wachache wachache, na Waskoti wakingoja hadi kiasi cha kutosha kimevuka ndipo washuke kuwakata. Ukiondoa daraja umeondoa sababu ya ushindi. Nataka sana kila mchezaji mpya aicheze Stirling, lakini aicheze na mto, na sehemu ya kuvukia yenye upana wa kibao kimoja.

Gladiator ya mwaka 2000 inafungua kwa vita ya msituni iliyopigwa picha huko Surrey, Uingereza. Inasisimua, nami huitazama tena na tena kwa ajili ya ukungu, matope na ukimya ulio kabla ya amri. Ila mvua ya mishale ya moto, na kundi la farasi kukimbia mbio katikati ya miti, usivihamishie mezani. Kanuni nyingi zinawaadhibu wapanda farasi msituni, na zina sababu.

Dhana: Makala za televisheni ni kweli, muvi ni uongo

Hii ndiyo inayowanasa watu makini. Sauti nzito ya msimulizi na ramani yenye mishale myekundu zinatufanya tuamini kila kitu. Lakini makala nyingi huwa na waigizaji wachache wanaorudiwarudiwa kwa kamera ya karibu, na hesabu za majeshi huchukuliwa jinsi zilivyo kwa waandishi wa kale. Herodotus huyohuyo anampa Xerxes, mfalme wa Waajemi, askari wa miguu 1,700,000. Hakuna njia ya kuwalisha wala kuwanywesha watu wote hao.

Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui. Kipindi cha Time Commanders cha BBC, kilichoanza mwaka 2003, na kile cha Decisive Battles cha History Channel cha mwaka 2004, vyote vilitumia injini ya mchezo wa kompyuta wa Rome: Total War. Ukitazama majeshi yale yakitembea, unatazama mchezo. Bado navipenda, kwa sababu vinakuonyesha uwanja kutoka juu, na hapo ndipo macho ya mchezaji yanapotakiwa kuwa. Vitumie kwa mpangilio wa vikosi; usivitumie kujua askari walipiganaje mkono kwa mkono.

Dhana: Mwenye deraya (vazi la chuma la vita) akianguka hawezi kuinuka

Filamu ya Henry V ya mwaka 1944 inaonyesha mpanda farasi wa Kifaransa akishushwa juu ya farasi kwa winchi, na picha hiyo haijatutoka hadi leo. Deraya kamili ya karne ya 15 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, nao umegawanywa mwili mzima. Makumbusho ya Cluny, Paris, yameshiriki kutoa video fupi ya wanaume wawili ndani ya deraya za namna hiyo: wanakimbia, wanalala chini, wanainuka, wanapigana mieleka. Ukiiona, utaacha kumpa askari huyo mwendo wa kobe. Kilichowamaliza Wafaransa mbele ya Waingereza huko Agincourt mwaka 1415 ni matope, msongamano, na umbali waliotembea huku wakinyeshewa mishale.

Dhana: Mshale unatoboa kila kitu

Katika muvi mshale mmoja, mtu mmoja chini. Tafuta video ya Tod's Workshop, chaneli ya YouTube, ya mwaka 2019 inayojaribu mishale dhidi ya deraya. Mpiga upinde anavuta upinde mrefu wa Kiingereza unaohitaji nguvu ya kilo 72 hivi. Mshale unakwenda, unagonga bamba la kifuani, na hautoboi. Irudie sehemu hiyo kwa mwendo wa polepole: mti wa mshale unapasuka vipande, na vipande vinateleza juu ya chuma kuelekea shingoni. Hapo ndipo unaelewa kwa nini mafundi wa zamani waliweka ukingo wa chuma chini ya koo, na kwa nini watu walitembea wameinamisha vichwa.

Angalia pia kwamba mpiga upinde havuti akakaa akisubiri amri, kama wanavyofanya kwenye sinema. Anavuta na kuachia kwa pumzi moja, kwa kuwa hakuna mkono unaoweza kushikilia uzito ule. Mezani, mishale ichoshe, ivuruge safu na ipunguze kasi. Kuua iwe nadra.

Dhana: Filamu za kufaa ni za Wazungu tu

Hii inaniuma, maana jiji letu limezungukwa na filamu za kila upande. The Message ya mwaka 1976 imetazamwa katika nyumba nyingi za pwani hii, mara nyingi wakati wa Ramadhani, na ilipigwa picha mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, kila lugha na waigizaji wake. Vita yake ya Uhud inachoreka kwenye karatasi bila shida: kilima kidogo, wapiga upinde walioagizwa wasiondoke, wanaondoka, na wapanda farasi wa Khalid bin Walid wanazunguka nyuma. Kwa heshima, mimi siichezi Uhud yenyewe kwa dadu. Nachukua umbo lake, kilima kinacholinda mgongo na askari wanaotamani kushuka, nalipeleka kwenye vita ya kubuni kati ya majeshi mengine. Na wenzetu wasiotaka dadu kabisa huandika namba 1 hadi 6 kwenye vikaratasi na kuchomoa kimoja kutoka kwenye kofia. Mchezo hauharibiki.

Red Cliff ya Kichina inasimulia vita ya majira ya baridi ya mwaka 208 kuingia 209 BK. Tafuta ile ya sehemu mbili, yenye zaidi ya saa nne, na uiache iliyofupishwa kwa ajili ya soko la Magharibi, maana mkasi umekula maandalizi, na utamu wote uko kwenye maandalizi. Meli za moto zinangoja upepo ugeuke. Mtu aliyekulia kwenye pwani ya kaskazi na kusi haelezwi mara mbili uzito wa jambo hilo.

Dhana: Bila bando kubwa hupati kitu

Filamu bubu kama Cabiria ya mwaka 1914, yenye Hannibal akivuka Alps, na Intolerance ya mwaka 1916, yenye kuzingirwa kwa Babeli, zinapatikana bure kwenye hifadhi ya Internet Archive. Faili zake zipo hata za ukubwa mdogo. Minara ya kuzingira ya Babeli ile ilijengwa kweli, na hakuna mazungumzo ya kutafsiri.

Dhana: Afrika haina vita ya kale ya kuchezwa

Jeshi la Kushi, ufalme wa kale wa Sudan, lilipambana na Roma ya Augusto miaka ya 20 KK chini ya malkia Amanirenas, na kichwa cha shaba cha sanamu ya Augusto, kinachoaminika kuwa nyara ya vita hivyo, kilifukuliwa Meroe, mji wa Kushi, mwaka 1910. Karne saba baadaye wapiga upinde wa Nubia waliwazuia Waarabu huko Dongola, Sudan, hadi wakasifiwa kwa kulenga mboni za macho. Mfululizo wa Zeinab Badawi kuhusu historia ya Afrika, uliorushwa na BBC, unakutembeza kwenye ardhi ya Sudan, nawe unaona mto, jangwa na ukanda mwembamba wa kijani ambamo majeshi yalilazimika kupita.

Na kuna ya kwetu. Julai 1505 Wareno wa Francisco d'Almeida waliiteka Kilwa; Agosti wakaishukia Mombasa, ambako watu walipigana vichochoroni na kuwarushia mawe kutoka juu ya mapaa. Kwa vita ya namna hiyo, video bora huenda isiwe ya vita hata kidogo. Tafuta za watu wanaotembea na kamera katika vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe. Angalia upana wa njia, kona, baraza, urefu wa kuta. Kisha panga nyumba za boksi mezani, na uache kati yake njia ambayo kibao kimoja kinapita na cha pili kinakwama nyuma yake, huku wenye mawe wamekaa juu.